Osechi: mlo wenye dua

Osechi ni jina la vyakula ambavyo Wajapani hula siku za kwanza za Januari. O ya mwanzo ni ya heshima. Sechi ni neno la majira, na zamani lilihusu sikukuu za majira zilizofanyiwa karamu katika kasri la mfalme. Siku hizi ukitaja osechi, kila mtu anaelewa mlo wa Mwaka Mpya.

Hupangwa ndani ya jubako, visanduku vya laka vinavyowekwa kimoja juu ya kingine, na vingi kati ya vyakula hivyo ni mchezo wa maneno. Soya nyeusi, zilizochemshwa taratibu kwa sukari hadi zikang'aa, zimo kwa sababu mame ni maharage, na mame pia ni uzima na bidii. Mwani wa kombu unasikika ndani ya yorokobu, kufurahi. Samaki aitwaye tai, asiye na undugu na ndege wetu, yumo kwa ajili ya medetai, yaani "-enye heri". Mayai ya heringi ni kazunoko: kazu ni idadi, ko ni mtoto, mlaji anaombewa uzao. Kamba yeye hahitaji fumbo la sauti: mgongo uliopinda na sharubu ndefu ni picha ya mzee aliyekula chumvi nyingi.

Vyote huandaliwa mwaka ukiwa haujaisha, vikakolezwa sukari, siki au sosi ya soya ili vidumu siku tatu, na mpishi naye apumzike.