Kope, Si Pini

Nililetewa orodha ya istilahi za kompyuta, kurasa kumi na tisa zilizobanwa kwa pini, nikaombwa nitoe maoni kwa upole. Upole huo ulidumu hadi ukurasa wa saba, nilipokutana na "pini pinde za tundu la kichakataji". Kila neno humo ni la Kiswahili, au linajitahidi kuwa la Kiswahili, na kila neno ni kosa. Lakini sitaki msomaji adhani nina hasira za kinadharia tu. Kosa hilo lilikwisha kunigharimu shilingi elfu themanini na tano pale Kariakoo, mwezi mmoja kabla sijaiona orodha yenyewe.

Nilikuwa nimenunua madabodi iliyotumika katika duka moja la ghorofani, jirani na Mtaa wa Aggrey. (Naandika madabodi kwa makusudi. "Ubao mama" nawaachia wachonga milango.) Nilipofika nyumbani nikakivua kile kifuniko cheusi cha plastiki, na pembeni mwa soketi nikaona sehemu ndogo isiyong'aa kama zilizoizunguka. Kesho yake nikairudisha. "Kijana," nikamwambia muuzaji, "pini zimepinda." Akaipokea kwa mikono miwili, akaimulika kwa tochi ya simu, akanijibu kwa adabu zote: "Mzee wangu, mbona zote zimepinda? Ndivyo zinavyotoka kiwandani." Kisha akanyoosha kidole kwenye karatasi ya ukutani: mali ikishauzwa hairudishwi.

Kinachouma ni kwamba alisema kweli.

Zamani vijiti vilisimama wima chini ya prosesa na kuzama kwenye matundu ya soketi. Mwaka 2004 Intel ilipoleta soketi ya LGA775, mambo yakageuka: vijiti vilihamia kwenye soketi, na prosesa ikabaki na tumbo tambarare lenye madoa ya dhahabu. Kwenye kompyuta za kawaida za mezani AMD iliyashikilia ya zamani kwa miaka mingi, nayo ikahama mwaka 2022 kwa soketi yake ya AM5, yenye vijiti 1,718. Yangu ilikuwa ya 1155, aina iliyoingia sokoni mwaka 2011, na idadi ni hiyo hiyo ya jina lake. Sasa vitu hivi 1,155 haviingii popote. Vinagusa tu, vikikandamizwa vinanesa kama springi, na ili vinese lazima viwe vimeinama tangu kiwandani. Mtu anayelalamika kwamba vimepinda ni kama anayelalamika kwamba ndizi imepinda.

Tulitazame basi hilo neno "pini". Ni mkopo wa Kiingereza, na katika Kiingereza cha kale lilikuwa jina la kigingi. Lilipobisha hodi kwetu liliwakuta wenyeji, yaani mpini wa jembe na kipini, kile cha kisu na kile cha puani. Hawana undugu nalo hata chembe, ila majina yakifanana watu huuzusha undugu. "Soketi" nayo ina visa vyake. Waingereza waliipata kwa Kifaransa cha kale, ambako asili yake ni jembe la plau. Udogo wake ukawa ncha ya mkuki yenye sura ya jembe hilo, kisha uwazi wa kupachikia kitu. Kwa hiyo anayetamka "pini ya soketi" mbele ya mwanaisimu amekaribia sana kusema "mpini wa kijembe". Nililieleza jambo hili katika kikao kimoja kwa dakika ishirini, bila kukusudia kumpiga mtu kijembe, na nakumbuka mwenyekiti alivyokuwa akiitazama saa yake.

"Tundu" halihitaji dakika ishirini. Tundu la ufunguo huingia ufunguo, tundu la kuku huingia kuku. Hapa haliingii chochote. Na kama hilo halitoshi, ile herufi L ya LGA, yaani "land", ambayo kwa mafundi wa umeme ni doa la chuma la kugusia, imefasiriwa katika orodha kuwa "ardhi". Nasubiri wapime viwanja watoe hati. Tumekuwa na kamati za lugha tangu mwaka 1930, na sidhani kama ile ya kwanza ingeipitisha ardhi hii hata wakati wa njaa ya mchana.

Mwenzangu mmoja, ambaye makala zake hazipiti aya mbili bila "kama nilivyokwisha kubainisha", anapendekeza "meno". Meno hayanesi. Hung'oka.

Mimi nasema kope. Ukope mmoja, kope nyingi, katika ngeli ya vitu vyembamba vinavyokaa kwa wingi wao: unywele, ukucha, unyasi, uzi. Ukope umejikunja kwa asili yake, wala hakuna anayeupeleka hospitali kwa sababu hiyo. Ukiguswa hurudi. Kazi yake iko kwenye mguso, haimchomi mtu. Tena mwenye soketi ya aina yangu aitazame vizuri: kope zimepangwa kuzunguka uwazi ulio katikati, kama mboni. Na kwa kuwa ukope mzima hujikunja, ukope mbovu tunausemaje? Umelala. Kope zilizolala. Laiti ningemwambia yule kijana "kope tano zimelala", angejificha nyuma ya neno gani?

Nisionekane mtu anayechukia maneno ya kuazima. Kariakoo yenyewe ni ya kuazima. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916 waliwaweka pale wapagazi wa jeshi lao, na jina la kikosi kile likatafunwa na midomo ya wenyeji mpaka likawa letu. Mpagazi naye alibeba nini kichwani? Mtumba, yaani robota la nguo au shanga lililofungwa kwa ajili ya safari. Leo mtumba ni nguo iliyovaliwa na mtu mwingine, na madabodi yangu ni mtumba wa chuma, nami niliibeba kwapani kupita mahali pale pale walipolala wapagazi. Maneno hayo mawili yalikutana Kariakoo bila jopo kukaa hotelini. Ninachokataa ni mkopo unaokufanya ushindwe kudai haki yako dukani.

Kuhusu haki hiyo, Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, haimwachi mnunuzi mikono mitupu, lakini haimkingi na kasoro ambayo ukaguzi wake mwenyewe ulipaswa kuifichua. Nami nilikuwa nimekagua, kwa miwani ya kusomea gazeti.

Na kuhusu matengenezo, kwa ufupi maana nafasi ni ndogo: mwanga uje kwa ubavu, shika lenzi, tumia sindano nyembamba au penseli ya kubonyeza iliyotolewa risasi, inua ukope mmoja mmoja, usirudierudie, maana chuma kikikunjwa mara nyingi hukatika.

Lipo pingamizi moja lililonifika kwa vitendo. Nilipokuwa natafuta wa kuirekebisha bodi, nilimuuliza kijana mmoja wa Mtaa wa Kongo aliko fundi wa kope. Akanishika mkono, akanipitisha katikati ya mikokoteni na wauza soksi, akanifikisha kwenye duka la vipodozi. Kope za kubandika, za kila urefu, na gundi yake. Dada wa dukani akanitazama, akaitazama madabodi, akaniita baba, akaniuliza kama namnunulia mke. Wapinzani wangu wamekifurahia kisa hiki kuliko inavyostahili. Hakina uzito. Tangu tuanze kusema kipanya, hakuna ofisi iliyonunua paka.

Fundi nilimpata baadaye Mtaa wa Narung'ombe, kwenye meza yenye upana wa sinia. Aliinamisha taa, hakusema neno kwa nusu saa. Nne zilisimama, ya tano ikakatika. Mashine inawaka, ila upande mmoja wa memori hauonekani hadi leo. Akaniandikia risiti: "kunyoosha pini 5". Nikamwomba afute, nikamweleza kisa cha pini, nikamfikisha mpaka kwenye plau. "Mzee wangu, wewe sema tu unataka niandike nini," akanikatiza, kisha akaandika "kuinua kope 4, kung'oa 1", akagonga muhuri.

Risiti hiyo nimeiambatisha kwenye maoni yangu ya ukurasa wa saba. Nimeibana kwa pini.