Karata ya Kisima

Mei 1871, Stanley alitoka nyika kavu ya Marenga Mkali akaingia Mvumi, leo wilayani Chamwino. Mtemi akadai hongo ya doti za nguo. Angemnyima maji kweli, au ni mkwara? Stanley alinung'unika, akalipa.

Mwaka 1944 von Neumann na Morgenstern walieleza kwa mfano wa poka: asiyetishia bure hata mara moja, siku ana karata nzuri wenzake hukimbia, anayetishia kila siku hugunduliwa. Kiangazi, kisima kilikuwa karata halali. Kifuku, madimbwi yakijaa, ulibaki mkwara. Wazungu waliandika "tamaa ya Wagogo". Mimi niliyebeba ndoo huko naona hesabu, tena nzuri.