KABLA HUJALIKATA NANASI: ZAMANI MATAJIRI WALILIKODI KWA AJILI YA PATI

Leo nanasi linauzwa barabarani Chalinze, linapangwa chini kwenye turubai sokoni, na mjini linasukumwa kwenye mkokoteni likiwa limeshamenywa. Ulaya ya miaka ya 1700 lilikuwa habari nyingine kabisa. Unaambiwa kule Uingereza kuna watu walikuwa wanalikodi kwa usiku mmoja tu! Linawekwa katikati ya meza, wageni wanalitolea macho, hakuna anayeligusa, kesho yake linarudishwa dukani ili likodiwe na mwingine. Anayelila mwishowe ni tajiri aliyelinunua, na wakati huo pengine limeshaanza kuvunda. Wanaokodi gari la kupigia picha wasijione wao ndio wa kwanza.

Kwa nini tunda liwe dili kiasi hicho? Jibu ndilo hilo hilo linalokusaidia wewe kuchagua zuri sokoni.

Asili ya nanasi ni Amerika ya Kusini, maeneo ya Brazil na Paraguay. Wenyeji wa huko walilima na kulila miaka mingi kabla Mzungu hajafika, na hata hili jina "nanasi" linatokana na neno lao, "nanas". Mwaka 1493 mabaharia wa Hispania walilikuta kwenye kisiwa cha Guadeloupe, wakalionja, wakachanganyikiwa na utamu. Tatizo likawa namna ya kulifikisha nyumbani. Safari ya baharini ilichukua wiki nyingi, na mzigo uliopelekwa kwa mfalme wao uliharibika njiani. Inasimuliwa kuwa moja tu ndilo lililofika zima, na mfalme alipolionja akalisifu kuliko matunda yote.

Sasa mtu atauliza: si wangelichuma bichi liivie njiani kama ndizi? Hapo ndipo nanasi linapokuwa jeuri. Ndizi ina akiba ya wanga ambayo hugeuka sukari hata baada ya kukatwa shambani. Nanasi halina akiba hiyo. Sukari yake inatoka kwenye mmea wenyewe, na siku linapochumwa, utamu umeishia hapo. Ganda linaweza kubadilika rangi na nyama ikalainika, lakini sukari haiongezeki. Kwa hiyo ukiuziwa chachu ukaambiwa "liweke ndani siku tatu litakuwa tamu", jua umepigwa.

Matajiri wa Ulaya wakaamua kulipanda nyumbani, kwenye nchi zenye baridi kali. Wakajenga nyumba za vioo, wakapasha moto usiku na mchana, na mmea mmoja ukachukua miaka miwili au zaidi kutoa tunda moja. Uingereza kuna mchoro maarufu wa miaka ya 1670 unaomwonyesha mfalme akikabidhiwa nanasi na mtunza bustani aliyepiga goti. Mfalme ndiye aliyebaki na sifa. Vijana waliokesha kuchochea moto usiku wa theluji hawakuchorwa popote.

Wareno nao walilisambaza Afrika na India, na huku kwetu hakukuhitajika kioo wala moto. Ardhi na jua vilitosha. Leo ukitaja Kiwangwa kule Bagamoyo, mtu wa Dar anajua unazungumzia mananasi.

Kilichomaliza kabisa umwinyi wa nanasi ni kopo. Kule Hawaii mwaka 1911 injinia mmoja aliajiriwa kutengeneza mashine ya kumenya na kutoa kiini kwa mpigo mmoja. Zilipoboreshwa, mashine za aina hiyo zilifikia takribani mananasi 100 kwa dakika. Lakini kwenye meza za kiwandani walibaki wafanyakazi, wengi wao wanawake, wakipanga vipande wakiwa wamevaa glavu. Nanasi lina kimeng'enya kinachoitwa bromelini, kinachovunja protini. Ndicho kinachokuwasha ulimi ukila kupita kiasi, na mtu anayeshika juisi yake kutwa nzima huchubuka mikono.

Sasa turudi jikoni. Sokoni usidanganywe na rangi peke yake, maana yapo yanayoiva yakiwa bado na ukijani. Linyanyue: zuri ni zito kuliko linavyoonekana. Linuse kitakoni: likinukia utamu chukua, lisiponukia kabisa liache, likinuka pombe limeshapita. Libonyeze: liwe gumu kiasi, lisibonyee kama sponji. Majani ya juu yawe mabichi, yasiwe makavu.

Kulikata, anza kwa kuondoa kishungi na kitako, ulisimamishe, umenye ganda kwa kushuka na kisu. Usikate nene ukidhani utayamaliza macho yote, utatupa nyama tamu bure. Angalia vizuri: macho yamejipanga kwa mistari inayozunguka mshazari. Fuata mstari mmoja mmoja, kata mfereji mwembamba upande huu na upande ule, macho yanatoka yote kwa pamoja. Ndivyo wanavyofanya wauzaji wa mitaani. Baada ya hapo pasua mara nne, toa kiini kigumu, kata vipande. Yakibaki weka kwenye chombo chenye mfuniko ndani ya friji, uyamalize ndani ya siku tatu au nne.

Na kile kishungi usikitupe. Bandua majani ya chini, kiache kikauke siku kadhaa, kipande kwenye ndoo ya udongo barazani. Kitahitaji mwaka mmoja na nusu hadi miwili kuzaa, na kwa joto la Dar hutakesha unachochea moto kwa ajili yake.