Zaire 74: sahani iliyongoja miaka 43

Mtu akitaja Kinshasa ya mwaka wa 1974, wengi wanakumbuka ngumi tu: Muhammad Ali na George Foreman, tarehe 30 Oktoba, katika uwanja wa 20 Mei, ambao leo unaitwa Tata Raphaël. Ali alimwangusha Foreman kwenye raundi ya 8, na hata mtoto wa Beni anaijua hadithi hiyo. Lakini wiki tano mbele ya ngumi, uwanja uleule ulikuwa wa magita.

Tamasha lilidumu siku 3, kuanzia 22 hadi 24 Septemba. Waliolitayarisha ni Hugh Masekela, mpiga tarumbeta wa Afrika Kusini, na rafiki yake Mwamerika Stewart Levine. Ngumi zilikuwa zimepangwa kufuata mara moja, tarehe 25. Foreman akapasuka juu ya jicho mazoezini, ngumi zikasogezwa, na wageni wengi waliongojewa kutoka ng'ambo hawakufika. Muziki haukusogezwa. James Brown, B.B. King, Celia Cruz na Miriam Makeba walipanda jukwaani, pamoja na wenyeji: Franco na TPOK Jazz, Tabu Ley na Afrisa, Abeti Masikini, na Stukas ya Lita Bembo.

Kisha kimya. Ugomvi wa pesa ulichelewesha kazi yote. Filamu ya kwanza, When We Were Kings, ilitoka mwaka wa 1996 na kupata Oscar, lakini ilikuwa filamu ya Ali. Wanamuziki wa Zaire karibu hawamo. Soul Power ya mwaka wa 2008 ililetea watu tamasha lenyewe, ila nafasi kubwa ilienda kwa Wamerika. Ni mwaka wa 2017 tu ndipo Masekela na Levine walipotoa Zaire 74: The African Artists. Wakati huo Franco alikuwa amekufa tangu 1989, Abeti tangu 1994, Tabu Ley tangu 2013. Masekela mwenyewe aliaga dunia Januari 2018.

Sahani hiyo haikupigiwa kelele. Mpenzi wa Franco atasema: nyimbo zake ninazo, tena safi za studio, nitafanya nini na sauti ya uwanjani? Hapo anakosea. Zamani wimbo wa studio ulikatwa vipande viwili ili uingie kwenye sahani ndogo: maimbo upande mmoja, sebene upande wa pili, nawe unainuka kugeuza. Uwanjani hakuna upande wa kugeuza. Gita moja linarudia maneno yake, la pili linamjibu, na sebene inakwenda hadi wapigaji wenyewe waridhike.

Anayependa roki aanze na Stukas. Jina lenyewe lilikuwa la ndege za vita za Wajerumani, na Lita Bembo alijulikana kwa vituko vyake jukwaani kuliko kwa upole wa sauti. Wakubwa wa rumba waliwaona vijana hao kama wapiga kelele. Kelele, ndiyo, lakini yenye mpango.

Naye Abeti ni mtoto wa Kisangani. Septemba ile hakuwa bado amefikisha miaka 20, na tayari alikuwa ameimba Olympia, huko Paris, mwaka wa 1973. Ubishi wa Franco au Tabu Ley hauishi katika nyumba za Wakongomani. Abeti anasahauliwa katikati, na sahani hii inamrudishia kiti chake.

Mwenye kukimbia vita usiku habebi sahani wala redio kubwa. Anabeba mtoto, godoro, simu. Familia nyingi zilizofika Butembo ziliacha muziki wa baba zao nyumbani pamoja na vingine vyote. Huko Rughenda, karibu na uwanja wa ndege, simu ndogo yenye kadi ya kumbukumbu inatosha: sahani nzima inaingia humo, na nafasi inabaki kwa nyimbo za kwaya.