Salamu za Krismasi kwa Masaisi

Ileje haijawahi kuwa nchi ya farasi. Teremka kutoka Ikinga hadi Mto Songwe, vuka upande wa Malawi, izunguke milima yote ya Misuku: utakutana na ng'ombe, mbuzi, nguruwe, na punda wawili watatu wenye magunia mgongoni. Farasi humwoni. Hata hivyo kila Desemba, mvua zikishakolea na vijana wetu wakianza kurudi kutoka Tunduma, Mbeya na Dar es Salaam, mimi hungoja mbio za farasi kama wenzangu wanavyongoja Simba na Yanga. Ushabiki huu niliurithi. Kwa kuwa ni majira ya kutakiana heri, nami nina watu wa kuwatakia, ila lazima kwanza nieleze ni akina nani.

Aliyemzuia farasi asifike kwetu ni mdudu. Mbung'o huleta nagana, ugonjwa ambao daktari David Bruce aligundua vijidudu vyake kule Zululand katika miaka ya 1890. Aliyenusurika mbung'o alisubiriwa na visubi, wale wadogo wanaouma jioni wakati wa mvua, ambao hueneza ndwele ya farasi. Mnyama hupata homa, macho huvimba, povu humtoka puani, na mara nyingi siku chache tu humtosha kufa. Ndwele hiyo ikizuka mahali penye farasi wageni, inaweza kuua tisa kati ya kumi. Pundamilia huubeba ugonjwa huohuo mwilini bila hata kukohoa. Ndiyo maana Afrika Mashariki farasi alidumu zaidi kwenye nyanda za juu za Kenya zenye baridi na kwenye visiwa vya pwani, ambako wenye mali waliweza kuagiza wengine kutoka Arabuni wale wa kwanza wakifa.

Unguja ya Sayyid Said bin Sultan ilikuwa na farasi wengi. Binti yake Salme, katika kumbukumbu zake alizozichapisha mwaka 1886, anaeleza jinsi ndugu zake walivyofundishwa kupanda farasi, na jinsi yeye mwenyewe alivyojifunza alipokuwa akiishi na kaka yake Majid. Mwaka 1840 Sayyid Said alipeleka merikebu yake, Sultana, hadi New York chini ya Ahmad bin Na'aman, na kati ya zawadi za Rais Martin Van Buren walikuwamo farasi wawili wa Kiarabu. Sheria ya Marekani haikumruhusu rais kuzichukua ziwe zake, kwa hiyo farasi wale wakauzwa. Nikisoma habari hii huwa siendi New York. Mawazo yangu hubaki melini, kwenye zile wiki za kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, kwa mtu aliyekuwa akiwashika wanyama wale mawimbi yakipanda na kuwapimia maji ya kunywa kwa kibuyu. Ahmad alichorwa picha huko Marekani, na ni haki yake. Mtu wa maji hakuchorwa.

Mtu huyo tunamwita saisi. Ndiye anayemlisha farasi, anayemsugua, anayelala karibu naye, anayejua kabla ya daktari kwamba leo hali si nzuri. Salamu zangu ni zake.

Lakini kuna kundi jingine, la wapagazi wa vita, ambalo siwezi kulipita, maana ndilo lililopita kwetu. Mwaka 1916 jeshi la Waingereza na Makaburu lilipoingia Afrika Mashariki ya Wajerumani, kikosi cha wapanda farasi cha jenerali van Deventer kilisukumwa kutoka Arusha hadi Kondoa katikati ya masika. Farasi walianguka njiani kwa mamia, na kufikia mwisho wa mwaka huo walikuwa wamekufa maelfu kwa maelfu. Wakaletwa wengine, wakafa pia. Huku kusini, kikosi cha jenerali Northey kilivuka kutoka Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini mwezi Mei mwaka huohuo, kikapita katika nchi hii ambayo leo ni Songwe hadi Tukuyu. Anayeijua milima yetu ya Undali anajua kwamba hapa hata baiskeli huwa unaibeba wewe. Mzigo wa jeshi ulihitaji vichwa vya watu. Mpagazi mmoja alitwikwa kilo 25 hivi za risasi au unga, akipanda na kushuka siku nzima, usiku akilala kwenye matope. Katika vita vile vyote upande wa Waingereza ulitumia wapagazi wapatao milioni moja, na waliokufa kwa hesabu rasmi wanazidi 90,000, wengi wao kwa kuhara, homa na njaa. Farasi alipokufa, mtu aliwekwa mahali pake. Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, aliposalimisha silaha Novemba 25, 1918, alikuwa Mbala, ng'ambo ya mpaka wetu wa Tunduma. Krismasi ya mwaka ule watu wetu waliobaki hai walikuwa ndio kwanza wanarudi makwao.

Babu yangu mzaa baba alizaliwa baada ya vita hivyo, na yeye ndiye aliyeuleta ugonjwa huu wa mbio nyumbani kwetu. Katika miaka ya 1950 aliandikishwa na WENELA, shirika lililokusanya vibarua wa migodi ya Afrika Kusini, kama vijana wengi wa Undali na Unyakyusa, akaenda kuchimba dhahabu Johannesburg. Kusini mwa mji ule kuna uwanja wa Turffontein, uliofunguliwa mwaka 1887, mwaka mmoja tu baada ya mji wenyewe kuanza. Ubaguzi ulikuwa umekolea, na mtu mweusi hakujichagulia pa kusimama. Lakini babu alikuwa na rafiki, mtu wa Misuku, ambaye lugha yake na yetu zinasikilizana bila mkalimani. Rafiki huyo alikuwa saisi kwenye banda moja. Jumapili babu alimtembelea, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akatazama.

Alichokiona alinionyesha mimi miaka mingi baadaye, kwa kutumia punda wetu. Alichuchumaa, akaweka kiganja chini ya goti la mguu wa mbele, akakishusha taratibu kwa nyuma, kwenye ule mshipa mgumu unaotoka gotini kwenda kwatoni. "Fumba macho, mjukuu wangu," alisema. "Mshipa mzima ni baridi kama jiwe la mtoni. Ukikuta mahali pana joto, hata kama mnyama anatembea vizuri, usimkimbize." Kisha akahamia mguu wa pili kulinganisha. Kazi hiyo rafiki yake aliifanya kila alfajiri na kila jioni, Krismasi ikiwamo, kwa sababu farasi hajui sikukuu. Tanganyika ilipopata uhuru, serikali ya Mwalimu Nyerere ilifunga uandikishaji wa WENELA, na babu alikuwa amekwisha kurudi kulima.

Kwa hiyo nilipokuja kusoma habari za Beryl Markham, sikusoma kama wanavyosoma wengi. Wengi wanamjua kama rubani aliyevuka Atlantiki kutoka mashariki kwenda magharibi peke yake mwaka 1936. Kabla ya hapo alikuwa mfunzi wa farasi wa mbio, aliyekulia Njoro kwenye shamba la baba yake, akapata leseni akiwa bado msichana. Katika kitabu chake cha mwaka 1942 anasimulia habari za Wise Child, jike aliyekuwa na mishipa mibovu ya miguu, aliyeshinda St Leger ya Kenya mwaka 1926 dhidi ya dume ambalo Markham mwenyewe alikuwa amelifunza kabla mwenye mali hajalihamishia kwa mfunzi mwingine. Ushindi ule ulitengenezwa bandani, kwa mikono iliyokuwa ikiikanda na kuipima miguu ile siku baada ya siku. Bandani mwa Markham alikuwamo arap Ruta, rafiki yake tangu utotoni. Namshukuru Markham kwa kumtaja kwa jina na kwa heshima. Ni wachache mno waliofanya hivyo.

Uwanja wa Ngong, ambako mbio za Nairobi zinafanyika mpaka sasa, ulifunguliwa mwaka 1954. Zamani mbio zilikuwa upande wa pili wa mji, na Race Course Road ya leo ndiyo kumbukumbu yake, si mbali na Kariokor, palipokuwa na kambi ya wapagazi wa vita. Nilifika Ngong mara moja, Jumapili. Watu walishangilia kwenye jukwaa, nami nikaenda kusimama wanakozungushwa farasi kabla ya kutandikwa. Saisi mmoja, kijana mwembamba aliyevaa buti za mvua, aliinama, akapitisha kiganja chake nyuma ya mguu wa mbele, akahamia wa pili. Nilishindwa kusema neno. Kwenye karatasi ya ratiba mkononi mwangu palikuwa na jina la farasi, la mwenye mali, la mfunzi na la mpanda farasi.

Tarehe 26 Desemba kuna mbio kubwa za kuruka viunzi Kempton Park, karibu na London, viunzi 18 kwa karibu kilomita tano, na zimekuwa zikiifuata Krismasi tangu 1947. Kwetu huwa ni jioni, ng'ombe wanarudi zizini. Mwaka 2011 Kauto Star alizishinda kwa mara ya tano, jambo ambalo hakuna farasi mwingine aliyelifikia, na nilipiga kelele hadi jirani akaja kuuliza nani amefariki. Vijana wa Tunduma wananiambia wanazo mbio zao kwenye skrini za vibanda vya mikeka ya kubeti, farasi wa kompyuta wanaokimbia kila baada ya dakika chache. Mimi hizo siziiti mbio. Farasi asiyechoka hana saisi, na pasipo saisi sioni cha kushabikia.

Basi heri ya Krismasi kwenu mlioko mabandani Ngong, Johannesburg, Muscat na Newmarket, ambao asubuhi hiyo mtatoa samadi na kubadilisha nyasi kabla ya kanisa. Nawaombea mshahara wa Desemba ufike kabla ya sikukuu, buti zisizovuja, na likizo ya kwenda kuwaona watoto mwezi Januari. Na nyinyi mnaochapa ratiba za mbio: ongezeni mstari mmoja chini ya jina la mfunzi, mwandike na jina la saisi.