Kiroboto cha Henri Mignet: ndege iliyoundwa vibandani

Mwaka 1935 kilitoka Uingereza kitabu kilichomwahidi fundi wa kawaida jambo ambalo mpaka wakati huo lilikuwa la matajiri na wanajeshi: kwamba angeweza kuunda ndege nyumbani kwake, kwa mikono yake, kisha akajifundisha mwenyewe kuirusha. Kilikuwa tafsiri ya Le Sport de l'Air, kitabu alichokitoa Mfaransa Henri Mignet mwaka uliotangulia. Ndani yake mlikuwa na vipimo vya mbao, namna ya kupaka gundi, jinsi ya kuvika mabawa kitambaa, na mwisho masomo ya kuruka, hatua kwa hatua, kuanzia kuikimbiza ndege ardhini bila kuinuka. Nakala zilikwisha upesi. Maseremala, mafundi magari na makarani wenye kibanda nyuma ya nyumba wakaanza kupiga randa.

Anayetaka kuelewa kwa nini leo maelfu ya watu duniani wanaruka kwa ndege walizoziunda wenyewe, na kwa nini wengine wengi hawaruhusiwi hata kuziwasha, hana budi kuanzia kwa mtu huyu.

Mignet alizaliwa mwaka 1893 magharibi mwa Ufaransa. Kazi aliyoijua ilikuwa ya umeme na redio. Usafiri wa anga ulimvuta tangu ujana, na kabla ya Vita Kuu ya Kwanza alikwisha kujaribu kuunda chombo chake. Shida yake ilikuwa moja, na wengi wangeona aibu kuikiri: hakuweza kuizoea ndege ya kawaida. Rubani wa ndege hiyo hushika fimbo kwa mkono na kukanyaga pedali kwa miguu, na viungo vyote hivyo sharti vipatane kila ndege inapokata kona. Vya Mignet havikupatana. Alifikia uamuzi kwamba kasoro haikuwa yake bali ya ndege, na kwamba kama ndege ingebuniwa upya hata mtu asiye na kipaji cha urubani angeimudu. Nampenda kwa uamuzi huo, ingawa mbele yake kulikuwa na makaburi.

Hakuwa wa kwanza kuwafikiria watu wa kawaida. Mbrazili Alberto Santos-Dumont, aliyeishi Paris, aliitoa bure michoro ya ndege yake ndogo Demoiselle, na mwaka 1910 jarida la Marekani Popular Mechanics likaichapisha. Mignet mwenyewe, kufikia mwaka 1928, alikuwa amebuni HM.8, ndege ya umbo la kawaida ambayo wasomaji wa gazeti la Les Ailes waliiunda. Ila HM.8 bado ilidai ustadi uleule uliomshinda.

Ndege iliyompa jina ni HM.14. Iliruka mara ya kwanza tarehe 10 Septemba 1933, karibu na Soissons, kaskazini mwa Ufaransa. Aliiita Pou-du-Ciel, yaani Chawa wa Angani, na Waingereza wakaigeuza kuwa Kiroboto. Urefu wake haukufika mita 4, na mabawa, kutoka ncha hadi ncha, yalikuwa kama mita 6. Injini yake ya awali, Aubier-Dunne, ilikuwa na nguvu za farasi 17 hivi, kiasi cha pikipiki. Haikuwa na pedali. Ilikuwa na bawa moja juu ya kichwa cha rubani na la pili nyuma yake, chini kidogo, na nyuma kabisa usukani mkubwa wa wima. Bawa la mbele halikukazwa: lilining'inia kwenye egemeo, na rubani akivuta fimbo liliinua uso wake kuulaki upepo, ndege ikapanda. Fimbo ikisukumwa kushoto au kulia, usukani ulifuata, na kwa kuwa ncha za mabawa zilikunjwa kuelekea juu, ndege ililala yenyewe kwenye kona. Mkono mmoja ulitosha kwa yote.

Kazi ya kuiunda ilikuwa ya seremala zaidi kuliko ya mhandisi. Kwanza ubao wa meza uligeuzwa kuwa kiunzi: umbo la ubavu wa bawa lilichorwa juu yake, vipande vidogo vya mbao vikazungushiwa mchoro huo, kisha fito nyembamba zikapindwa ndani yake na kugandishwa. Ubavu mmoja ukikauka ulitolewa, mwingine ukawekwa, mpaka zikawa mbavu nyingi zinazofanana kama pacha. Hizo zilipangwa kwenye mihimili mirefu ya mbao iliyonyooka, isiyo na fundo. Kiwiliwili kilikuwa sanduku la plaiwudi. Gundi ilikuwa ya kaseini, itokanayo na maziwa, na ilitaka ubichi wa sawasawa na mgandamizo usiolegea. Mwisho kitambaa kilivutwa juu ya mbavu, kikashonwa, kikapakwa tabaka kwa tabaka za vanishi maalumu inayokikaza mpaka ukikipiga kidole kinalia kama ngoma.

Hatua hiyo ya kitambaa ndiyo inayofurahisha kuliko zote, kwa sababu ndipo mbao zinapoanza kuonekana ndege. Ndiyo pia yenye hatari ya kimyakimya. Kiungo kilicholegea, gundi iliyokauka kabla ya kushikana, mhimili wenye ufa: vyote hufichwa siku hiyo, na baadaye hakuna anayeviona bila kukichana kitambaa.

Mwaka 1935 homa ya Kiroboto ilipanda Uingereza kuliko hata Ufaransa. Tarehe 24 Julai, Stephen Appleby alikirusha cha kwake katika uwanja wa Heston, karibu na London. Tarehe 13 Agosti Mignet mwenyewe alivuka mlango wa bahari kutoka Ufaransa na kutua Lympne, akapokewa kama shujaa. Kwa kuwa ndege hizi zisingeweza kutimiza masharti ya vyombo vya viwandani, Wizara ya Anga ya Uingereza ilikubali kuzitolea kibali chepesi zaidi. Fundi mmoja baada ya mwingine akasajili chake, na vilivyosajiliwa huko vikapita 100. Injini ya pikipiki ilipoonekana dhaifu, Sir John Carden aliigeuza injini ya gari la Ford iwe ya ndege, na Kiroboto kikapata nguvu ya kupanda vizuri zaidi na kwenda kasi zaidi.

Kisha watu wakaanza kufa. Taarifa zilizotoka Uingereza, Ufaransa na kwingineko zilifanana: ndege ilikuwa ikiruka vizuri, ikainamisha pua, ikaendelea kuinama, ikaingia ardhini kwa kasi. Baadhi ya waliokufa walikuwa marubani wenye uzoefu. Ilikuwa vigumu kuwalaumu.

Mwaka 1936 Waingereza walikiweka Kiroboto kizimakizima ndani ya handaki la upepo la Farnborough, na Wafaransa wakafanya uchunguzi wao Chalais-Meudon. Jibu lilikuwa la kutisha kwa wepesi wake. Mabawa mawili yalikuwa yamekaribiana mno, na ukingo wa nyuma wa bawa la mbele ulipishana na ukingo wa mbele wa lile la nyuma. Rubani alipovuta fimbo ili apande, ukingo ule ulishuka, mwanya kati ya mabawa ukawa mwembamba, na hewa iliyobanwa humo ikapita juu ya bawa la nyuma kwa kasi kubwa zaidi. Bawa la nyuma likainuka, na likiinuka, pua inashuka. Ndege ikiwa sawa na upeo wa macho, hali hiyo haikuleta madhara. Ila pua ikiisha kuinama kupita kiasi fulani, bawa la mbele halikuwa tena na nguvu ya kuiinua. Rubani alivuta fimbo, kama ambavyo mtu yeyote angefanya, na kuvuta kwake hakukumwokoa; kulizidi kuinua nyuma.

Vibali vikasimamishwa. Mashindano ya Viroboto yaliyofanyika Ramsgate Agosti 1936 yalikuwa kama kilele na tamati kwa pamoja. Mignet hakukimbia tatizo: alibadilisha nafasi ya mabawa na umbo lake, na ndege za ukoo huo zilizofuata hazikuwa na mtego ule. Aliendelea kubuni mpaka alipofariki mwaka 1965. Lakini umma wa Uingereza ulikuwa umekwisha kumpa kisogo, na vita vilivyokuja miaka mitatu baadaye vilifunga vibanda vyote.

Ninachokiona katika historia hii sicho kinachosemwa mara nyingi, kwamba watu wa kawaida hawafai kuunda ndege. Viroboto vingi viliundwa vizuri. Mbao hazikuvunjika, gundi haikuachia. Kosa lilikuwa katika mchoro, na mchoro ulisambaa kwa mamia ya watu kabla haujapimwa na yeyote zaidi ya mwandishi wake na marafiki zake. Kule Matondoni, Lamu, jahazi huundwa ufukweni, hadharani: fundi mzee akipita huugonga ubavu kwa kifundo cha kidole, nahodha huinama kutazama mkuku, na chombo kinaposhushwa majini kimekwisha kupita mbele ya macho mengi. Kiroboto kiliundwa nyuma ya mlango uliofungwa, na jaribio lake la kwanza la kweli lilikuwa mtu aliyekaa ndani yake.

Waingereza walijifunza. Mwaka 1946 waliunda chama cha ndege nyepesi, ambacho leo kinaitwa Light Aircraft Association, na utaratibu wake umejengwa juu ya ukaguzi wa hatua kwa hatua. Mchoro huchunguzwa na wahandisi kabla ya mtu kununua ubao. Mkaguzi hufika kibandani wakati mbavu ziko wazi, hupitisha tochi kwenye kila kiungo, hutia saini, na ndipo kitambaa kinaporuhusiwa kuvikwa.

Marekani ilipitia njia yake. Bernard Pietenpol, fundi aliyejifundisha mwenyewe katika kijiji cha Cherry Grove, Minnesota, alithibitisha mwaka 1929 kwamba injini ya gari la Ford Model A ingeweza kubeba watu wawili hewani, na ndege yake Air Camper inaundwa hadi leo. Hata hivyo majimbo mengi yalipiga marufuku ndege za nyumbani. Mwaka 1947 George Bogardus aliruka kwa ndege yake ndogo, Little Gee Bee, kutoka Oregon hadi Washington, ng'ambo ya bara zima, kuwaomba wakubwa wazipe ndege hizo nafasi katika sheria. Nafasi ikapatikana. Januari 1953 Paul Poberezny na wenzake walianzisha huko Milwaukee chama cha Experimental Aircraft Association, ambacho maonyesho yake ya kila mwaka sasa hufanyika Oshkosh. Sheria ya Marekani inataka zaidi ya nusu ya kazi ifanywe na waundaji wenyewe, kwa kujifunza au kujiburudisha.

Vifaa navyo vikabadilika. Burt Rutan, kwa VariEze yake ya mwaka 1975, aliacha mbao na kuchonga povu gumu lililofunikwa kwa faibaglasi. Richard VanGrunsven wa Oregon alichagua bati la alumini, na ndege zake za RV zimeenea kuliko za mtu mwingine yeyote. Kwa wengi wanaoziunda kazi ni kupiga ribiti maelfu kwa maelfu katika matundu yaliyokwisha kutobolewa kiwandani.

Waundaji huambizana kwamba ikibaki asilimia 10 bado iko nusu ya kazi. Nyaya za umeme, mabomba ya mafuta, kioo cha mbele ambacho tundu moja lililotobolewa vibaya hukipasua. Hata rangi si pambo tu: ina uzito, na usukani uliopakwa rangi bila kusawazishwa upya unaweza kuanza kutetemeka ndege ikiwa kasini mpaka ukang'oka. Kisha ndege huwekwa juu ya mizani, kila gurudumu na yake, ili ijulikane uzito umeegemea wapi. Na hata baada ya kuruka haiachiliwi. Marekani kwa kawaida huifungia saa 25 au 40 za majaribio, bila abiria, mbali na makazi.

Juni 2019 ndege ya aina hiyo ilitua Zanzibar. Ilikuwa Sling 4, ya viti vinne, iliyounganishwa na vijana 20 wa Afrika Kusini kwa wiki tatu kutokana na vipande vya kiwandani, na ilikuwa safarini kutoka Cape Town kwenda Cairo. Injini na vyombo vya umeme viliwekwa kwa msaada wa wataalamu. Wanafunzi wale waliruhusiwa kugusa kila kitu, na kila walichokigusa kilitazamwa na anayejua.

Huku kwetu, kila baada ya muda magazeti huandika habari za kijana aliyeunda ndege au helikopta uani. Hupigwa picha, husifiwa, hufikiwa na maofisa, hukatazwa kuruka, na mashine hubaki ikiota kutu. Katazo lenyewe ni la haki. Kiroboto kinaonyesha kwa nini. Linaloniuma ni kwamba mara nyingi hakuna anayerudi baada ya katazo. Kijana wa Songwe au Nyeri anahitaji mchoro uliokwisha kuthibitishwa, mkaguzi atakayefika kabla bati halijafungwa, mizani ya kuazima, na kipande cha uwanja kilichotengwa kwa saa zile 40. Mamlaka za usafiri wa anga, vyuo vya ufundi na klabu za urubani tayari vipo Dar es Salaam na Nairobi, na hakuna hata moja katika mahitaji hayo linalozidi uwezo wao.