Mvua ya Kiangazi na Usahaulifu Wetu

Sisi wa Nyanga, hapa Bukoba, mvua haitushangazi. Mji wetu hupata karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na hata ekyanda, kiangazi chetu cha Juni hadi Agosti, hakikosi mvua za alfajiri kutoka ziwani. Wahaya wa kale waliweka ziwa, upepo na dhoruba mikononi mwa Mugasha, na kila mwenye migomba alijua kwamba Mugasha akichafuka, shamba linalala chini. Lakini kimbunga chenyewe, kile chenye jicho na jina, hatukijui. Tuko nyuzi moja na kitu tu kusini mwa ikweta, na huku mzunguko wa dunia hauna nguvu ya kuuviringisha upepo ukawa kimbunga.

Ndiyo maana navutiwa na historia ya nchi iliyo kinyume chetu kabisa: Oman. Msiseme naenda mbali. Katika karne ya 19 Waarabu wa Oman walifika hadi Karagwe kufuata pembe za ndovu na watumwa. Kituo chao kilikuwa Kafuro, karibu na ikulu ya Rumanyika, na Stanley alimkuta huko Hamed bin Ibrahim mwaka 1876. Baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964, na hasa Sultan Qaboos alipotawala kuanzia 1970, watu wengi wenye asili ya Oman walihamia Mascat na Kiswahili chao. Kwa hiyo habari ya mvua ya kule ni habari ya watu wetu pia.

Mascat kwa kawaida hupata kama milimita 100 kwa mwaka mzima, au pungufu. Bukoba inaweza kuzimaliza hizo kwa wiki moja ya Aprili. Na Juni kule ni jua kali la zaidi ya nyuzi 40. Nani atawaza mwavuli?

Basi hebu tuanze na Juni 1890. Huku kwetu Emin Pasha alikuwa bado njiani. Mwishoni mwa mwaka huo ndipo alipoanzisha boma la Wajerumani Bukoba. Huko Oman kimbunga kilitoka Bahari ya Arabu kikaipiga pwani. Mascat ilipata zaidi ya milimita 280 kwa siku moja, yaani mvua ya karibu miaka mitatu, na watu zaidi ya 700 walikufa.

Miaka 117 ikapita. Waliokiona wakafa, na wajukuu zao wakazeeka. Mafuta yakaleta fedha, na baada ya 1970 mji ukakua haraka: barabara, maduka, nyumba za kisasa. Vingi vilijengwa ndani au kando ya mabonde makavu yanayoitwa wadi. Ukiangalia, hayo ndiyo maeneo tambarare kati ya milima, rahisi kujengwa. Wadi ikikauka miaka kadhaa mfululizo, huonekana kiwanja.

Juni 2007 kikaja Gonu. Jina hilo lilitolewa na Maldivi, na maana yake ni mfuko uliosukwa kwa makuti. Sisi tungesema pakacha. Na kweli lilivuja! Kilikuwa kimbunga kikali kuliko vyote vilivyowahi kupimwa Bahari ya Arabu hadi wakati huo. Kilipopita kando ya Sur, Quriyat na Mascat, baadhi ya sehemu zilipata zaidi ya milimita 600. Maji yakashuka milimani, yakaingia Wadi Adai, yakatafuta njia yake ya zamani na kukuta magari na nyumba. Oman ilipoteza watu wapatao 50, na hasara ilikadiriwa kuwa dola bilioni 4.

Waliokufa 2007 ni wachache sana kuliko wa 1890, ingawa watu walikuwa wameongezeka mno. Setilaiti na redio ziliwahi kuonya, na maelfu wakahamishwa mapema. Hapo nasifu bila kusita. Lakini setilaiti hukuambia kesho kuna nini. Haikuambii babu yako alikatazwa kujenga wapi. Baada ya Gonu serikali ilijenga mabwawa ya kuzuia mafuriko juu ya mji. Kumbe somo la 1890 lilihitaji kurudiwa ndipo lieleweke.

Wahenga walisema maji hufuata mkondo. Naisoma methali hii kama kanuni ya historia: ardhi ni nyaraka, na bonde kavu ni ukurasa ambao hatujausoma. Kwa mawazo yangu, ukame ndio mwalimu mbaya kuliko wote, maana unafundisha usahaulifu.

Lakini sisi wa Bukoba tusijione wajanja. Mvua tunaipata kila mwaka, Mto Kanoni unafurika mbele ya macho yetu, na bado tunapimiana viwanja kingoni mwake. Mtu wa Mascat anaweza kujitetea kwamba aliyeiona mvua ya mwisho alishakufa zamani. Sisi tutasema nini?